Ya Kijani Niliichukua Mimi

Jumapili, 1 Machi

Daftari hili nimelinunua la kuandikia kilomita. Mpaka sasa kilomita ni sifuri kwa sababu baiskeli yenyewe sina. Ninachojua ni kwamba nimechoka kukaa. Miaka kumi na tisa nimekalia kiti kimoja katika maabara ya zahanati, jicho kwenye darubini, na mwezi uliopita daktari wetu alinipima presha akanitazama kama mtu anayetazama gari bovu.

"Wewe unapima watu wote humu," alisema. "Wewe mwenyewe nani anakupima?"

Nataka baiskeli moja ya kufanya kazi zote. Iende lami nikienda kazini, iende changarawe Jumapili nikiipanda ile barabara ya kilimani. Usukani wake uwe ule uliopinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume, ili mikono ichoke upande mmoja ihamie mwingine. Mwaka mzima nimekuwa nikisoma habari za baiskeli hizi. Mama, ninayeishi naye, anasema laiti ningemchunguza mume namna hii kabla ya kuolewa, leo nisingekuwa nimerudi kwake.

Jumamosi, 7 Machi

Kwa fundi, nyuma ya kituo cha mafuta. Duka lake ni chumba kirefu chembamba, magurudumu yananing'inia darini, sakafu nyeusi kwa grisi. Aliniuliza nina kiasi gani. Nilipomtajia alikuna kidevu.

"Hujaja na nyingi, hujaja na haba. Kwa mfuko wako zipo mbili."

Ya kwanza ni ya kijani. Fremu ya chuma, breki za diski, gia za chini kabisa za kupandia mlima. Kati ya tairi na uma wa mbele, ile mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu, panapita kidole gumba bila kugusa popote. Imetumika, ina mikwaruzo, lakini fundi aliizungusha pedali nikasikia mlio kama wa cherehani mpya.

Ya pili ni ya bluu, inang'aa, nyepesi. Niliipenda kwa dakika tatu hivi. Fundi alichukua penseli iliyokuwa sikioni mwake akajaribu kuipitisha kati ya tairi na uma. Haikupita.

"Hii ni ya lami, dada. Wameibandika usukani wa pembe, basi watu wanaiita ya njia zote. Tope likiingia hapa halina pa kutokea. Na breki zake ni hizi za mpira zinazobana rimu. Rimu ikilowa, wewe unabana, yenyewe inakwenda."

Nilimwambia nitarudi Jumamosi ijayo nikishafikiri.

"Fikiri," alisema. "Ila kuna watu hawafikiri sana kama wewe, na wao pia wana hela."

Jumatano, 11 Machi

Mdogo wangu alipita maabara mchana. Lile gari lililokuwa likiwabeba walimu wa shule yake limesimamishwa, hakuna anayejua mpaka lini. Shule iko kilomita kumi na saba: tisa za lami, nane za changarawe, na mteremko mmoja mrefu unaoshuka mpaka darajani. Mumewe ni mwokaji mikate, anaondoka alfajiri na pikipiki yao, kwa upande mwingine kabisa wa mji. Mwaka huu mdogo wangu anafundisha darasa la mtihani, watoto arobaini na mmoja aliokuwa nao tangu hawajui kugawanya.

"Nitafutie baiskeli," alisema. "Wewe ndiye Bi Vipimo."

Ndilo jina langu nyumbani, kwa kuwa napima kila kitu, hata chumvi. Alichokuwa nacho mfukoni kilikaribiana na changu. Nilimwambia Jumamosi twende kwa fundi. Nilisema haraka, kwa raha ya kuulizwa. Alipokwisha kuondoka ndipo nilipokumbuka kwamba ya kijani iko moja.

Jumamosi, 14 Machi

Niandike yote, kama yalivyokuwa.

Tulifika saa tatu. Mdogo wangu hajui lolote kuhusu baiskeli, lakini aliingia mle ndani akaenda moja kwa moja kwenye ya kijani akaiwekea mkono juu ya tandiko, kama unavyomwekea mtoto wa watu mkono begani.

"Hii imetulia," alisema.

Wakati huohuo fundi aliitwa nje na dereva mwenye gurudumu lililoisha upepo. Tulibaki wawili. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio na sikujua unakwenda wapi.

"Hiyo ni nzito," nilimwambia. "Ni ya chuma. Utaisukuma kilomita kumi na saba kila asubuhi? Hebu inua hii ya bluu."

Akaiinua kwa mkono mmoja, akacheka. "Ala! Kama mwavuli!"

"Unaona."

"Na kwenye changarawe?"

"Itakwenda. Usukani si ni uleule?"

Kila neno nililolisema mtu angeweza kulipima akalikuta sahihi. Chuma ni kizito. Ya bluu ni nyepesi. Usukani ni uleule. Na mdogo wangu, ambaye tangu utoto akiniuliza jambo haulizi mara ya pili, aliupitisha mguu juu ya ile baiskeli akakaa, akanitazama kama mtoto aliyevalishwa sare mpya.

Fundi aliporudi alimkuta amekaa hivyo. Alifuta mikono kwenye kitambaa, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Basi anajua anachokitaka."

Yeye akalipia ya bluu. Mimi nikalipia ya kijani. Nilimwambia mdogo wangu kwamba mimi nimemzidi kilo nyingi, chuma ndicho kinachonifaa, naye akacheka sana, akasema kumbe unene nao una faida.

Jumapili, 15 Machi

Kilomita 22. Barabara ya kilimani, changarawe yote. Baiskeli inakwenda kama inaijua njia. Sijapata raha ya namna hii miaka mingi.

Jumatatu, 16 Machi

Ujumbe kutoka kwa mdogo wangu saa moja na dakika kumi: "Nimefika. Dakika hamsini na tano! Asante dada, umenichagulia kitu."

Jumatano, 18 Machi

Kazini na kurudi. Kilomita 8. Mawingu.

Ijumaa, 20 Machi

Watoto wa darasa lake wameipa baiskeli ya bluu jina, wanaiita Bibi Harusi. Wanapokezana kuifuta vumbi. Mdogo wangu amechangamka, uso unang'aa, anatembea kwa madaha. Shemeji, mumewe, anasema ameoa mke wa pili bila kutoa mahari. Tulicheka wote. Nilijiambia, unaona, mambo ni mazuri, ulikuwa unajitisha bure.

Jumanne, 24 Machi

Mvua imeanza. Ilisikika kama changarawe inamwagwa juu ya bati la zahanati. Wagonjwa hawakuja. Nilikaa dirishani nikihesabu dakika mpaka ujumbe wake ulipofika: "Nimefika. Nimelowa chapachapa."

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Amefika.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Amefika, lakini alichukua saa moja na nusu. Alinipigia mchana.

"Dada, gurudumu la mbele linajaa tope linagoma kuzunguka. Nashuka nalichokoa kwa kijiti, naendesha kidogo, nashuka tena. Ni kawaida?"

Hapa ndipo nilipopewa nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kusema, mdogo wangu, hiyo si baiskeli ya barabara hiyo, nilikosea, chukua yangu kesho.

"Mvua za mwanzo ndivyo zilivyo," nilisema. "Uwe mwangalifu mteremkoni. Shuka usukume."

"Haya. Nitashuka."

Jumapili, 29 Machi

Kilomita 15, chini ya manyunyu. Ya kijani haikugoma hata mara moja. Tope linaingia, linatoka. Breki zinashika. Nilirudi nyumbani nimelowa na sikuwa na raha yoyote.

Jumanne, 31 Machi

Walinipigia simu kutoka shuleni saa moja na nusu. Mwanzoni sikuelewa, niliona namba ngeni nikadhani ni mgonjwa anayeuliza majibu.

Mdogo wangu alikuwa amechelewa kwa sababu ya kuchokoa tope, na darasa lake lilikuwa na jaribio saa mbili kasoro robo, ndiyo maana hakushuka kwenye mteremko. Alibana breki zote mbili mpaka mwisho. Nusu ya mteremko zilimwitikia kidogo, halafu hazikumwitikia tena. Aliona daraja, akaona mama mmoja na mzigo wa kuni katikati ya daraja, akaamua kujitupa kwenye ukingo upande wa kushoto. Wenye kusimulia wanasema alimpigia kelele yule mama asisogee, kisha akageuza.

Mkono wa kulia umevunjika pawili, kwenye kifundo na juu yake kidogo. Bega limeteguka. Uso umechubuka upande mmoja, kuanzia nyusi hadi kidevu. Nilimkuta hospitali kwenye benchi la wanaosubiri picha, ameukumbatia mkono kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi. Aliponiona alianza kulia, na alichokisema ni hiki:

"Dada, nimeiharibu baiskeli uliyonichagulia."

Nilikaa karibu naye. Nilimshika mguu kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kumshika. Sikusema.

Alhamisi, 2 Aprili

Wamemfunga plasta mpaka juu ya kiwiko. Wiki sita, pengine saba. Mama amehamia kwake kwa muda ili amsaidie kuoga na kupika.

Shemeji alinisindikiza mpaka getini. Ni mtu wa mizaha hata kwenye msiba. "Nilimwambia, mke wangu, wewe ni wa chaki. Baiskeli waachie wanaojua, kama dada yako. Mbona yeye haanguki?"

Nilitabasamu. Najua nilitabasamu kwa sababu nilihisi shavu likivutika.

Jumamosi, 4 Aprili

Nilipeleka ya bluu kwa fundi. Shemeji aliniomba niangalie kama itauzika. Uma umepinda, rimu ya mbele imekuwa kama yai. Kati ya tairi na uma tope lilikuwa limekauka, gumu kama tofali. Fundi alichukua bisibisi akaligonga, likatoka kipande kimoja kizima chenye umbo la pale lilipokuwa. Alikiweka juu ya meza mbele yangu.

Alijaribu kuzungusha gurudumu, likakataa kuzunguka.

"Ulisema umemwambia."

Nilikitazama kile kipande cha tope.

"Mimi sitamfuata mtu nyumbani kwake," alisema. "Hayo ni ya kwenu, ya tumbo moja. Lakini dada, usije tena hapa kunisimulia kilomita zako."

Jumatatu, 6 Aprili

Kazini kwa miguu. Nilisema ni kwa ajili ya mvua.

Alhamisi, 9 Aprili

Mwanafunzi wa mafunzo aliyeletwa maabara aliniuliza kama anaweza kuandika "hakuna" kwenye fomu kabla ya kumaliza kutazama kioo chote cha damu kwenye darubini, maana foleni ni ndefu. Nilimkaripia mpaka watu wa nje wakanyamaza. Nilimwambia miaka kumi na tisa sijawahi kuandika jibu ambalo sikuliona kwa macho yangu, kwamba mtu anakwenda nyumbani na lile jibu, anakula nalo, analala nalo. Msichana wa watu aliirudisha fomu mezani. Nilipomaliza nilitoka nikaenda kusimama stoo, kati ya maboksi ya glavu, mpaka pumzi iliporudi.

Jumapili, 12 Aprili

Nilimpelekea mdogo wangu matunda, poda, na gazeti. Pia nimejitolea kumsahihishia madaftari ya darasa lake, ambayo mwalimu mwenzake huyaleta kila Ijumaa. Tunakaa mezani, yeye anasoma jibu, mimi naweka alama. Anawajua wote kwa mwandiko. "Huyu ana akili ila ana haraka. Huyu baba yake hayupo, mwandikie neno zuri."

Michubuko ya uso inapona, inaacha mabaka ya waridi. Mama aliniambia jikoni, "Mungu akupe umri mrefu mwanangu, nimezaa watoto wanaopendana."

Nilirudi mezani kwenye madaftari.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 18 Aprili

Madaftari arobaini na moja. Shemeji aliingia na mikate, akamwona mkewe anajaribu kuandika kwa kushoto. "Mwalimu amerudi chekechea," alisema. Alicheka peke yake. Mdogo wangu alifunika karatasi kwa kiganja.

Shemeji alipotoka, aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kwamba kila akifumba macho anaona daraja. Kwamba hata plasta ikitoka hatapanda tena, kwa kuwa sasa amejijua, yeye ni mtu wa kuchanganyikiwa, mikono yake haina akili. "Ningebana breki vizuri nisingeanguka. Nilibana vibaya, dada. Wewe ungebana vizuri."

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Niliweka alama ya pata kwenye jibu lililokuwa limekosewa, nikalazimika kulifuta.

Jumapili, 19 Aprili

Nimetafuta sababu. Nimejiambia ningejua ataumia nisingefanya, na hilo ni kweli, na halinisaidii. Nimejiambia mtu mzima anajichagulia mwenyewe. Lakini hakujichagulia, alikuwa ameweka mkono kwenye ya kijani. Nikichimba mpaka chini kabisa nakuta kitu kimoja: niliitaka. Yeye alihitaji ya kwendea kazini, mimi nilihitaji ya kwendea kilimani Jumapili kupunga upepo. Nilijua hilo nikiwa nimesimama pale dukani.

Alhamisi, 23 Aprili

Leo nimefanya jambo baya kuliko la kwanza.

Mdogo wangu aliniita baada ya kazi. Mkono wake bado hauandiki, na barua hakutaka kumpa mwalimu mwenzake aiandike, aliona aibu. Alitaka kumwandikia mwalimu mkuu aombe kuachishwa darasa la mtihani, apewe nafasi ya kusaidia ofisini katika shule ya mjini iliyo karibu na nyumbani. Alikuwa ameipanga kichwani, maneno yote. Alisema huku anatazama dirishani, mimi naandika.

"Kwa kuwa nimeshindwa kuimudu safari ya kuja shuleni. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Na kwa kuwa uzembe wangu barabarani umesababisha wanafunzi kukosa masomo."

Kalamu ilisimama.

"Si lazima neno uzembe," nilisema.

"Ndilo neno lake. Andika."

Niliandika. Mwandiko wangu ni mzuri, wote wanausifu, ndio ulio kwenye kadi za wagonjwa kwa miaka kumi na tisa. Niliandika *uzembe wangu* kwa herufi nzuri zilizonyooka. Aliweka sahihi kwa mkono wa kushoto, mstari mmoja wa kutetemeka. Shemeji atapita kuipeleka kesho asubuhi.

Niliaga. Nilifika mpaka barabarani. Nilisimama chini ya paa la duka la vitabu lililofungwa, mvua inanyesha mbele ya pua yangu, na nikajiambia nirudi. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Kisha nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 24 Aprili

Barua imepelekwa.

Jumapili, 26 Aprili

Nimesema.

Nilikwenda saa nane mchana. Mama alikuwa amelala kidogo. Mdogo wangu alikuwa mezani anachambua mchele kwa kushoto, taratibu, punje kwa punje. Nilikataa kiti. Nilijua nikikaa tu nitaanza kuchambua mchele na yeye.

"Ile baiskeli ya bluu," nilisema, "haikuwa ya barabara yako. Tope likiingia linakwama. Breki zake hazishiki kwenye maji. Fundi aliniambia."

Aliendelea kuchambua. "Alikuambia lini? Ulipoipeleka?"

"Wiki moja kabla hujainunua."

Kidole kilisimama juu ya ungo.

"Kabla?"

"Kabla. Ya kijani ndiyo iliyokuwa ya kufaa. Ilikuwa moja. Niliitaka mimi. Fundi aliniuliza kama nimekwambia, nikasema nimekwambia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alinitazama, na nikaona anazirudia siku zote hizo moja moja, kama anavyorudia hesabu ubaoni kutafuta mahali ilipokosewa.

"Ungeniambia unaitaka," alisema mwishowe, "ningekuachia. Unajua hilo?"

"Najua."

"Ningekuachia, halafu ningetafuta nyingine. Ningengoja. Ningepanda lori la mchanga. Hilo la baiskeli, dada, naweza kulimeza." Sauti yake ilianza kupanda. "Lakini umekaa hapa. Kwenye kiti hicho. Wiki nne! Nakwambia mikono yangu haina akili, nakwambia nilibana vibaya, na wewe unaniwekea pata na kosa kwenye madaftari ya watoto wangu. Umesikia mume wangu ananicheka. Ukamwacha anicheke!"

"Nilimwacha."

"Na barua." Hapo ndipo sauti ilipokatika. "Neno uzembe uliliandika kwa mkono wako, huku unajua."

"Kesho nitakwenda kwa mwalimu mkuu, nitamwambia—"

"Huendi kokote. Nitampigia mwenyewe." Aliuvuta ungo karibu na kifua kama vile ningemnyang'anya. "Toka. Subiri. Shemeji yako yuko nyuma anaosha pikipiki. Kabla hujatoka kwenye nyumba hii, kamwambie. Mimi nimechoka kuchekwa."

Nilizunguka nyuma. Shemeji alikuwa amechuchumaa, povu mpaka viwiko, anaimba. Nilimwambia yote, nimesimama kwenye maji ya sabuni na viatu vyangu vya Jumapili. Aliacha kuimba. Alifunga bomba. Nilingoja mzaha, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliutamani.

"Mwezi mzima nimemcheka mke wangu," alisema. Hakuniangalia. Alijifuta mikono kwenye suruali, akanipita, akaingia ndani kwa mlango wa jikoni, na nikasikia anamwita mkewe kwa jina, bila utani wowote.

Jumatatu, 27 Aprili

Mwalimu mkuu alipokea simu ya mdogo wangu vizuri. Lakini alimwambia amechelewa. Barua ilipomfikia Ijumaa, darasa alilikabidhi kwa mwalimu mwingine palepale, mpaka mwisho wa mwaka, kwa kuwa watoto hawawezi kubadilishiwa mtu mara tatu kabla ya mtihani. Akipona atarudi, lakini kwa darasa jingine.

Habari hizi nimepewa na Mama. Mdogo wangu hakunipigia.

Ningesema Alhamisi, kalamu ikiwa mkononi, darasa lingekuwa lake.

Jumamosi, 2 Mei

Jana jioni mapema niliipeleka ya kijani, nikaiacha kwenye ua wao, nimeisafisha mpaka cheni. Leo asubuhi shemeji ameirudisha, ameikokota kwa miguu.

"Mke wangu anasema si ya kwake. Anasema kila akiipanda atakuwa anakuwaza wewe, na yeye anataka kuwaza barabara." Aliiegemeza ukutani. "Na mimi nasema, shemeji, usinitumie tena mizigo. Kilima chote kile."

Hakucheka, lakini alisema *shemeji*.

Jumapili, 3 Mei

Mama amerudi. Ameambiwa. Hakunigombeza. Alinipakulia chakula, akakaa mbele yangu akanitazama nikila mpaka sahani ikaisha.

Jumanne, 12 Mei

Mvua. Kazini kwa baiskeli. Nimeacha kujiadhibu kwa kutembea. Jambo hilo halikuwa likimsaidia mtu.

Nilimwomba radhi yule mwanafunzi wa mafunzo, kwa ukali, si kwa nilichomfundisha. Alisema ameshasahau. Hajasahau.

Jumanne, 19 Mei

Plasta imetoka. Mama anasema mkono umekuwa mwembamba kama wa mtoto, na kidole cha mwisho hakifungi. Anafanya mazoezi ya kukamua kitambaa chenye maji.

Nilikwenda. Alinifungulia mlango, tukasalimiana. Aliniuliza habari za kazi. Tulikaa kama wageni wawili kwenye ofisi ya daktari. Nilipoondoka hakunisindikiza.

Jumatatu, 1 Juni

Amerudi shuleni, kwa kupanda magari ya mchanga yanayopita. Amepewa darasa la pili. Watoto wake wa zamani wanachungulia dirishani kwake wakati wa mapumziko, na mwalimu mpya hapendi.

Jumamosi, 6 Juni

Mvua imekatika tangu Alhamisi. Nilipita kituo cha mafuta, na kupitia mlango wa duka la fundi nikamwona mdogo wangu ndani. Alikuwa na daftari la shule mkononi. Alikuwa anauliza jambo, fundi anajibu, yeye anaandika kwa ule mkono uliokuwa umevunjika, polepole, kisha anauliza tena, kisha anarudia swali lilelile kwa maneno mengine. Fundi alikuwa amevua kofia, anatoka jasho. Mdogo wangu alipiga magoti akaingiza kidole chini ya uma wa kila baiskeli iliyokuwamo, moja baada ya nyingine.

Hawakuniona. Niliendelea na njia yangu.

Alhamisi, 11 Juni

Mama anasema mdogo wangu amenunua baiskeli. Nyeusi, imetumika, diski, matairi mapana. Mama hakuniambia zaidi na sikumchimba.

Jumamosi, 13 Juni

Saa mbili asubuhi nilikuwa nafua. Simu ililia juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ulikuwa ujumbe wake. Tangu ile Jumapili ya Aprili hakuwa amenitumia hata neno.

"Tairi la mbele niliweke upepo kiasi gani? Fundi hajafungua. Barabara ina mawe na pale karibu na daraja bado pana tope. Niambie kweli."

Nilijifuta mikono. Nilianza kuandika jibu, maana nilikuwa nalo tayari kichwani, kile kiasi ninachokiweka kwenye tairi langu. Nikalifuta. Mimi na yeye hatuna uzito mmoja, na sijawahi kuipanda baiskeli yake.

"Sijui mpaka nijue kilo zako," niliandika, "na upana wa tairi. Umeandikwa ubavuni."

Jibu lilikuja mara moja. "Upana arobaini. Kilo sitini na nane. Ukimwambia mtu hizo kilo, nitakukana."

Nilikaa juu ya ngazi ya uani nikapiga hesabu kwenye karatasi, mara mbili. "Anza na upepo wa thelathini. Ukisikia rimu inagonga mawe, ongeza mbili mbili. Mteremkoni bana ya nyuma kwanza, kisha ya mbele kidogo kidogo. Haya ninayaamini, ila kwa uzito wako sijayajaribu."

Muda ulipita. Povu lilizama kwenye beseni la nguo.

"Nimepima thelathini," aliandika. Kisha, baada ya kitambo, neno moja peke yake:

"Naenda."